Magunia ya Pumba Nyumbani kwa Benjamini

Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024. Manyunyu alfajiri, mchana jua la kuchoma.

Nyumba ya Benjamini pale Ipuli haikuwa na dari. Kuta za vyumba ziliishia chini ya paa, na kilichosemwa sebuleni kiliruka ukuta kikatua chumbani. Siku washenga wa binti mkubwa walipokuja, wanawake waliangua kicheko huko ndani mpaka mzee wa watu akasahau alikuwa akisema nini. Safari hii, washenga wakimjia binti mdogo, Martha, Benjamini aliapa hayatatokea. Akamwita fundi Egidi kutoka mtaa wa Ng'ambo. Fundi akashindilia magunia ya pumba za mpunga juu ya ukuta, akayabana kwa mbao, na mlangoni akaning'iniza blanketi zito.

Benjamini akamfungia dada yake Advera chumbani, akasema jambo sebuleni, kisha akafungua.

"Umesikia?"

"Umesemaje?"

"Nimesema wewe ni mbea."

"Basi fundi kaweza kweli, kaka. Uongo haupenyi."

Advera alitania, lakini moyo haukumtulia. Martha alibakiza miezi tisa chuo cha uuguzi, na alipokuja nyumbani kwa ugeni huu, kwa machozi alimwomba shangazi yake huyo asiache arusi imkatize masomo. Benjamini naye alikuwa mtu wa haya; mgeni akimwomba jambo mara mbili, hukubali. Miaka yote Advera alimwokoa kwa kikohozi kimoja kutoka chumbani, maana yake: hapo kataa.

Washenga walifika saa tisa, wakiongozwa na Mzee Erasmus. Advera akatega sikio ukutani. Kimya, kama ameegemea kichuguu.

Akapeleka chupa ya chai. Wanasalimiana. Akapeleka vikombe. Wanasifu mvua. Akapeleka sukari, kisha kijiko kimoja, kisha kingine.

"Dada, vijiko havibebeki pamoja?" Benjamini aliuliza huku ameuma meno.

"Vinagongana, kaka. Si ulitaka kelele zipungue?"

Kijiko cha nne kilimkuta Mzee Erasmus akisema, "Basi iwe Desemba hii hii, bwana. Nakuomba kwa mara ya pili."

Benjamini hakumtazama mgeni, alitazama yale magunia, akingoja kikohozi. Ndipo Advera alipoelewa kwamba kaka yake alikuwa amejizibia mwenyewe. Akasimama katikati ya sebule, kijiko mkononi, akakohoa.

"Pole, mama," Mzee Erasmus alisema. "Ni vumbi?"

"Ni pumba, mzee. Shikamoo tena."

"Marahaba."

Benjamini akavuta pumzi. "Desemba hapana, mzee wangu. Mtoto amalize chuo kwanza. Agosti, tutazungumza."

Mzee Erasmus alikoroga chai, akamtazama Advera, akatazama vile vijiko, akacheka hadi mabega yakatikisika. "Haya, Agosti. Nani atabishana na nyumba hii?"

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, Advera alijitwika begi la Martha, akamsindikiza stendi, na hakuondoka mpaka basi la kumrudisha chuoni lilipokata kona.