Harufu ya Kitu Kipya

Juzi sokoni, mjini Baraka, nilimwona mama mmoja, mtoto mgongoni, akikinusa kigodoro cha sponji cha kitanda cha mtoto. Akakunja uso.

"Hii matela inanuka dawa."

Muuzaji akacheka. "Hapana, mama. Ni harufu ya upya tu. Kila kitu mupya inanukaka vile."

Mama alimgeuzia mgongo, akashusha kitenge kidogo, utosi wa mtoto ukaonekana.

"Na huyu iko mupya. Nusa."

Muuzaji akainama, akanusa, akafumba macho. Sisi wateja tukasogea karibu.

"Mulalishe ku mukeka kwanza, mama," akasema taratibu, akikirudisha kigodoro chake nyuma.

Nami, mtu mzima na mvi zangu, nikaomba zamu ya kunusa.