Chuma Kisichotaka Maji

Nikiikumbuka siku ile, mwanangu, kwanza namsikia Nduku akiimba. Aliimba akifagia, akaimba akipika, na ukimwomba anyamaze aliimba kwa kunong'ona. Tulitoka Kola pamoja tukiwa wasichana, tukapanga chumba kimoja kule Mavoko, tukawa tunakula muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, katika sufuria moja. Kazi yetu ilikuwa katika karakana: kufagia chini ya mashine za kukereza na kuzoa nyuzi za chuma zinazodondoka.

Wakati huo karakana ilikuwa imepata kazi mpya ya vifuniko vya injini. Vilikuwa vyepesi mno, hata ukikishika kimoja unashangaa kuwa ni chuma. Hatukuambiwa jina lake. Tulizifagia nyuzi zake kama tulivyofagia nyingine zote, tukazirundika ukutani. Kuuliza si ujinga, wazee walishasema, lakini mgeni kazini huogopa kuonekana mgeni.

Mchana ule fundi mmoja alikuwa akisaga bawaba za lango karibu na lile rundo. Cheche zikalirukia. Mwanangu, mimi nimeuona moto wa jikoni, na nimeuona moto wa nyika ukila nyasi za Yatta wakati wa kiangazi, lakini ule haukufanana na wowote. Ulikuwa mweupe, mkali kama kulitazama jua. Watu wakakimbilia mlangoni. Nduku akakimbilia ndoo ya maji, maana fundi alikuwa amezibiwa njia kwenye kona, nyuma ya moto, na Nduku hakuwa mtu wa kumwacha mwenzake. Nani kati yetu angedhani kwamba maji yangeusaidia moto? Alimwaga, na moto ukamrukia kwa kishindo.

Ndipo Mzee Kilonzo, nyapara wetu, akaja na pipa la mchanga mkavu. Akaufunika moto taratibu, sepetu baada ya sepetu, mpaka ule weupe ukazama. Fundi alitoka salama. Nduku aliungua mikono, na macho yake hayakupona tena.

Jioni tulikaa kwenye benchi la hospitali. Wenzetu wakaanza kusema, kama watu wasemavyo, kwamba ajali haina kinga. Mzee Kilonzo hakuwa mtu wa kupandisha sauti, lakini aliwakatiza.

"Hii ilikuwa na kinga," alisema. "Chuma kile kinaitwa magnesiamu. Mimi nakijua tangu ujana wangu, nikadhani nanyi mnakijua. Nanyi mkaona aibu kuniuliza. Huyu msichana ameungua katikati ya kunyamaza kwetu."

Maneno yale nimezeeka nayo.

Nduku alihamia kwa dada yake kule Masinga. Nilikwenda kumwona kila nilipopata nafasi, na kabla sijaketi alikuwa ananiuliza milima ya Iveti inaonekanaje baada ya mvua. Nikisema ni ya kijani, alikataa.

"Kijani gani?" aliniuliza. "Cha mahindi machanga, au cha mbaazi?"

Basi nikajifunza kutazama, ili niwe na la kumpelekea. Alitutoka msimu wa mvua uliopita. Siku hizi ikinyesha natoka nje, naikodolea macho milima, maneno yananijia yenyewe, mengi na mazuri, na sina wa kumpa. Majirani hudhani nakagua shamba.

Sasa nawe umekuja kuniaga kwamba umepata kazi kwenye kiwanda cha metali, na mimi nafurahi, lakini keti kidogo. Uliza jina la chuma kabla hujakigusa. Kama ni magnesiamu, usiache vumbi lake wala nyuzi zake zirundikane. Ziwekwe kavu ndani ya pipa la chuma lenye kifuniko, mbali na unyevu, na kusiwe na cheche wala sigara karibu. Zikiwaka, usizimwagie hata tone la maji, kwani maji ndiyo chakula cha moto ule. Dawa yake ni mchanga mkavu kabisa, au ule unga maalumu wa kuzimia moto wa metali, na ujue umewekwa wapi kabla hujauhitaji. Moto ukiwa mkubwa, toka, uwatoe na wenzako, uwaite wazima moto, uwaambie ni magnesiamu inayoungua. Wala usiukazie macho. Na haya ukishayajua, mwanangu, usimngoje mgeni aulize. Mwambie siku yake ya kwanza, hata akikuona msemaji mno.

Mungu akulindie mikono na macho. Akurudishe nyumbani kila jioni ukiwa mzima kama ulivyotoka. Na rafiki utakayeanza naye kazi, akujalie uzeeke naye, mkae mbele ya nyumba mkibishana kuhusu ujana wenu mpaka giza liingie. Nenda na amani.