Kigae cha Mtu Asiyezaliwa

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko zote nilizotumikia ofisini, mwanangu, na ninaikumbuka kwa sababu iliniaibisha. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa karani katika ofisi ya umma hapa Stockholm, kijana bado kwa hesabu yangu, mwenye tai iliyonyooka na kalamu nyekundu mfukoni. Kwa kalamu ile nilisahihisha barua za wenzangu, matangazo ya kanisani, hata kadi za harusi, bila kuombwa.

Wakati huo mtaa mmoja wa ufukweni, mwendo mfupi wa basi kutoka kitongoji cha Jordbro, ulikuwa umepoteza kiwanja chake cha besiboli. Watoto wa Kirundi, wa Kitanzania na wa Kiswidi walikuwa wamecheza pale kwa miaka mingi. Mpira uliopigwa kwa nguvu uliishia baharini, na mchezo ulisimama mpaka mtu avue viatu aufuate. Kiwanja kikajengwa nyumba. Wakazi wakaomba angalau ukumbusho, wakapewa: ukuta wa vigae kando ya maji, wenye picha ya mpigaji aliyeinua gongo, na chini yake majina ya wachezaji, kila mmoja na kigae chake. Kamati ya ukumbusho ikaniteua kukusanya majina.

Niliianza kazi hiyo kwa ghadhabu. Kipeperushi cha kwanza cha ukumbusho kilikuwa kimeandika kwamba timu yetu ilicheza kandanda! Nilikijibu kwa barua ya kurasa tatu. Desire, Mrundi aliyekuwa nahodha, alicheka mpaka akakaa chini.

"Mheshimiwa karani, wewe hata mpira ukizama baharini utauandikia barua urudi."

"Na utarudi," nikamjibu.

Desire huyo ndiye aliyeniletea jina lake na la mdogo wake, Fideli, mrushaji hodari aliyekuwa amefariki kwa maradhi miaka miwili kabla. Karatasi ilisema: Desire Bigirimana, Fideli Habonimana. Niliisoma mara mbili. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, majina ya ukoo mawili? Nikasema moyoni, maskini, amekosea kwa majonzi. Nikakata Habonimana kwa wino mwekundu, nikaandika Bigirimana juu yake, nikapeleka orodha kwa msanii wa vigae.

Simu ilikuwa mezani pangu, mwanangu. Mama yao aliishi Hagsätra, mwisho wa reli, mahali nilipopita kila Jumapili. Kuuliza si ujinga, nami nililijua hilo tangu utotoni; lakini niliona mtu wa cheo changu huulizwa, haulizi.

Siku ya uzinduzi kulikuwa na jua na upepo mkali wa bahari. Mama Desire aliletwa mbele ya watu wote, amejifunga imvutano, vazi lake la sherehe. Akapitisha kidole juu ya majina taratibu, kigae hadi kigae. Akafika mwisho. Akarudi mwanzo.

"Fideli wangu yuko wapi?"

Nikasogea kwa fahari. "Huyu hapa, mama. Fideli Bigirimana."

Akanitazama. "Huyo ni nani? Mimi sikumzaa huyo."

Nikaanza kumweleza habari za fomu na jina la ukoo. Desire, uso umemwiva, akanishika mkono. "Kaka, nyamaza. Kwetu kila mtoto anapewa jina lake. Bigirimana si ukoo. Bigirimana ni mimi."

Mimi niliyemwandikia mwenzangu kurasa tatu kwa neno moja! Nyani haoni kundule, wazee walisema, nami nilikuwa nimelitundika langu ukutani, mbele ya umati.

Mama Desire hakupaza sauti. "Nilimzaa njiani tukikimbia. Hakukuwa mkunga, hakukuwa jirani. Ndiyo nikamwita Habonimana: Mungu ndiye aonaye. Hakuacha mtoto, hakuacha nyumba. Ameacha jina tu. Wewe karani, ulipolifuta, uliniuliza?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi niliujua uchungu wa fomu.

Jumatatu asubuhi niliiandikia kamati barua ya mistari minne, fupi kuliko zote nilizowahi kuandika, nikisema kosa ni langu, si la Desire wala la msanii. Msanii, mama mpole wa Kiswidi, alinieleza kwamba kigae kilichopita tanuruni hakifutiki, hubomolewa tu. Siku alipokibomoa nilisimama pale karibu na Mama Desire. Kila pigo la patasi nililisikia kifuani.

Kigae kipya kilitoka na rangi ya samawati iliyokoza kuliko ya majirani zake, na hadi leo jicho linakiona kwanza. Fideli Habonimana. Mama Desire alikipangusa vumbi kwa ncha ya vazi lake, akalitamka jina lote kwa sauti. Kisha akaokota vipande viwili vya kile cha zamani, akaniwekea mkononi.

"Chukua. Huyu umemzaa wewe. Kamlee."

Nimemlea, mwanangu. Yupo kwenye rafu yangu hadi sasa nilipostaafu, na kila mara nilipotaka kutoa ile kalamu, nilimtazama kwanza.

Kwa hiyo nakuusia, wewe unayenijibu kwa Kiswidi nikikusalimu kwa Kiswahili, wewe ambaye kesho utakaa nyuma ya dawati kama nilivyokaa mimi. Unyoofu wa kumbukumbu ni jambo la heshima. Usimruhusu mtu akudharau kwa kuupenda. Lakini jina la mtu si kosa la mwandiko. Kabla hujalisahihisha, inuka, panda treni, ukamwulize aliyelitoa. Ukikosea, andika kosa lako kwa jina lako, tena kwa ufupi.

Mungu aonaye akuone hata pale ambapo fomu haina nafasi yako. Jina alilokupa mama yako likutangulie uendako, na asitokee karani wa kulikata.