Nyota Zilizozibwa kwa Wino

Wiki hii, katika studio ya picha Temeke, nilimkuta mfanyakazi wa kiwanda akigongagonga kaunta kwa vidole. Alikuwa amepiga picha ya nyota kwa mara ya kwanza, na hakuweza kusimama mahali pamoja. Fundi, mzee mpole, akampa picha iliyoonekana nyeusi tupu.

“Nyota zangu ziko wapi, mzee?”

“Nyota? Mie nilidhani vumbi, mwanangu. Nimeyaziba madoa yote kwa wino, moja moja.”

“Chapa nyingine basi.”

“Karatasi za kuchapia zimekwisha, mpaka meli ilete nyingine.”

Mteja akaisogeza picha dirishani. “Na hiki kidoa umekiacha?”

“Hicho kilinishinda.”

Akaondoka ameikumbatia nyota yake moja. Jioni, nikisahihisha madaftari ya wanafunzi, kalamu yangu nyekundu ilisita mara nyingi.