Fundi Pirika Anakimbia Mvua

Jina lake halisi lilishasahaulika hata na wateja wake wa zamani. Karakanani walimwita Pirika, mtaa nao ukadaka, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona ametulia. Alikuwa fundi makochi, na nusu ya mji iliketi juu ya kazi ya mikono yake, ila yeye mwenyewe makochi aliyafahamu zaidi kwa upande wa chini. Chakula alikula amesimama. Siku ya harusi ya binti yake alionekana chini ya meza kuu, anakagua misumari ya viti, huku wakwe wanamsubiri wapige naye picha.

Mgongo ulipomlazimisha kufunga karakana, mkewe, mwalimu mstaafu wa chekechea, alidhani sasa atapata mume. Wapi! Alipata fundi wa kulala ndani. Milango iliyokuwa haina neno ilishushwa ikapachikwa upya. Kabati la jikoni lilihama ukuta huu likaenda ule, likarudi. Ukiweka kikombe mezani ugeuke, meza haipo, iko uani inapigwa msasa.

Binti yao akampigia mama simu: njoo ukae kwangu, chumba kipo, wajukuu wanakutaka. Mama hakumficha mumewe. Alikata simu akasema palepale, "Nimemwambia nitampa jibu. Lakini kwanza twende safari, mimi na wewe tu. Nataka nione kama unaweza kukaa na mtu."

Pirika aliogopa, tena sana, kwa sababu alimjua mkewe: huyu hatishii nyau. Na alivyo Pirika, woga ule aliupeleka kwenye kazi. Akatafuta kibasi kikuukuu, akang'oa viti, akapigilia kitanda, jiko la gesi na mapazia yenye marinda. Juu alikata bati na kuweka paa la kuinuka, lililozungushiwa turubai, ili mtu aweze kusimama wima ndani. Turubai hilo ndilo lililomvimbisha kichwa. Alilishona kama anavyoshona kochi la sebuleni, mshono maradufu kila pembe, sindano nene, uzi mweupe ili kazi ionekane. Majirani walisifia, naye akasifia kuliko wao.

Mvua iliwapokea kabla hata hawajaumaliza mji.

Walipanda milimani, wakakuta mawingu yamekaa barabarani kama wenyeji. Mama aliweka chai. Kabla haijapoa, Pirika alishashika usukani. "Huku kumeharibika. Redio inasema kaskazini kukavu."

"Chai yako je?"

"Nitakunywa njiani."

Kaskazini ilinyesha. Wakateremka hadi pwani, na bahari waliisikia tu, ukungu ulikuwa umeimeza. Wakakata kwenda bondeni, huko wakapigwa na mvua ya mawe, vishindo juu ya bati mpaka mama akaziba masikio. Kila walipofika, Pirika alishuka, akatazama juu kwa hasira ya mtu aliyedhulumiwa, akamtukana mtangazaji wa hali ya hewa, akarudi ndani amelowa chapachapa na habari za mji mwingine unaosemekana una jua. Roho yake ilikuwa juu juu. Akiketi kitandani, goti linatetemeka. Akilala, vidole vinapapasa ukuta kutafuta skrubu iliyolegea.

Tena paa lilikuwa linavuja. Mwanzo tone moja moja juu ya mto, halafu mstari mzima kufuata pembe za turubai.

"Hayo siyo maji ya mvua," Pirika alisema, akijitia hamnazo. "Ni pumzi zetu. Zikigusa ubaridi zinageuka maji."

Mama aliangalia sufuria aliyokuwa ameitega, imejaa pomoni. "Basi leo tumepumua sana, baba."

Mwisho wa mbio zao haukuwa mahali pa maana. Pirika alikuwa anageuza gari kwenye uwanja mtupu nyuma ya maghala fulani, matairi yakazama kwenye tope mpaka katikati, na kibasi kikagoma. Alitia mawe, akatia magunia, akasukuma peke yake huku mgongo unamlilia. Wapi. Akaingia ndani, akatoa sindano na uzi, akapanda juu ya kitanda kuongeza mshono wa tatu penye kuvuja. Hapo hapo maji yakaanza kushuka mahali papya.

Mama alimtazama kutoka chini, shuka limemganda mwilini.

"Kila ukichoma ni tundu jingine."

Mkono wa Pirika ulisimama. Miaka yote alikuwa ameshona vitu vya kukaa sebuleni, vitu visivyojua mvua, na kwake mshono mwingi ndio uimara. Alitazama ile mishono yake maridadi, miwili miwili, na kila shimo la sindano likidondosha tone lake. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

"Nitaziba na gundi," alisema. "Tukijikwamua, kuna mji hapo mbele..."

"Baba, mimi nimechoka." Hakupandisha sauti, na hilo lilimtisha zaidi. "Mvua hainisumbui. Nimekalisha chini watoto wa miaka minne, darasa zima, kwa miaka na miaka. Wewe umenishinda. Tangu tutoke nyumbani hujanywa hata kikombe kimoja ukamaliza. Kukikauka kidogo nitatembea hadi barabarani nipande basi. Naenda kwa mwanangu."

Hakukuwa na kitu cha kutengeneza kilichobaki isipokuwa kile alichokwisha kukiharibu. Pirika alishuka kitandani. Alitoa viti viwili vya kukunja chini ya kitanda, akafungua mlango, akavitega kwenye tope, vinatazama ukuta wa ghala na dimbwi. Akaketi kimoja, mvua inamnyeshea.

Mama alisubiri ainuke. Hakuinuka. Goti lilianza kutetemeka, akalishika kwa mikono yote miwili. Maji yalimtiririka usoni na hakuyafuta.

Mwishowe Mama alitoka, amejitanda shuka lilelile lililolowa, na vikombe viwili vya chai. Akaketi.

"Utaugua," alisema.

"Najua."

Walikunywa chai iliyokuwa inaongezeka badala ya kupungua. Ndani ya gari simu ikaanza kulia. Hakuna mwingine aliyekuwa akiwapigia saa zile ila binti. Miguu ya Pirika ilishajiandaa kusimama, akairudisha chini kwa nguvu.

"Anataka jibu lake," alisema. "Utaenda?"

Mama alikiangalia kikombe cha mumewe.

"Kunywa kwanza umalize," alisema. "Leo siendi."

Simu ililia mpaka ikakata. Pirika alikiinua kikombe kwa mikono miwili, akanywa polepole, kwa woga wa kufika mwisho.