Joossine wa Oudekerke na Ndugu Yake Mwoga

Joossine alizaliwa mwaka 1521 katika mji mdogo wa Oudekerke, Flandria, mtoto wa kwanza wa Lieven Stamper, mpika pombe ya shayiri. Mama yake alifariki akimzaa Tanneken, na tangu hapo Joossine, naye bado mtoto, alimbeba mdogo wake huyo wa kike mgongoni huku akikoroga pombe. Alikua na mikono mizito na ulimi mwepesi, na wanywaji wote wa mji walimpenda kwa masihara yake.

Bwana alimwita kwenye imani akiwa mtu mzima, siku mfumaji mmoja aliyefuata pombe alipomsomea Injili kwa lugha yao wenyewe. Joossine alilia, akasema, "Kumbe Mungu anaongea kama sisi!" Akabatizwa upya, kwa kuwa aliona ubatizo wa utotoni hautoshi, na chumba chake cha mapipa kikawa mahali pa sala. Sheria ilikataza ubatizo huo wa pili, na adhabu yake ilikuwa moto.

Mwaka 1558 askari walimkamata Tanneken sokoni. Alikuwa mwoga tangu utotoni. Walipomwonyesha tu vyombo vya mateso, akamtaja dada yake. Wakamwachia, wakamchukua Joossine.

"Taja waliokuwa wakija kwako, urudi kwenye mapipa yako," hakimu alimwambia.

"Mheshimiwa, hata wewe ulikuwa unakuja, tena ukidai nyongeza ya pombe. Nianze na wewe?"

Baraza likaangua kicheko. Askari wakamning'iniza kwa mikono mpaka mabega yakateguka, hakumtaja mtu.

Tanneken alimfuata gerezani, akaanguka miguuni pake. "Dada, ni mimi niliyesema."

"Najua. Umekula?"

"Nimekuua, nawe unaniuliza chakula?"

"Nakujua, mdogo wangu. Ukiwa na hofu hata kijiko hukishiki. Njoo, tumege mkate huu."

Wakala pamoja, na Joossine akamsamehe kabla Tanneken hajamaliza kuomba msamaha.

Asubuhi ya kumchoma, askari walimbana Joossine ulimi kwa chuma asije akawahubiria watu. Alifungwa kwenye nguzo, macho yake yakizunguka umati. Moto uliposhika, sauti nyembamba ikaanza zaburi. Alikuwa Tanneken, aliyeogopa hata mbwa, amesimama mbele ya askari akiimba kwa niaba ya dada yake. Joossine alimwona, akaitikia kwa kichwa kwa furaha kama anayemshika mtoto mkono. Kisha wauza samaki wakaipokea zaburi, na wafumaji, na soko zima, hata askari wasijue wamkamate nani. Hilo ndilo ajabu wanalolisimulia Oudekerke hadi leo.

Watu walimtorosha Tanneken kwa mashua kupitia mfereji. Alizeekea Frisia, nchi ya kaskazini, akipokea wakimbizi, na kila mgeni aliyefika alisimuliwa naye kisa hiki, bila kuficha kwamba yeye ndiye aliyemtaja dada yake.

Ndugu waumini, huenda yupo anayekukwepa kwa sababu alikukosea. Usimngoje aje kuomba msamaha, kama Joossine hakungoja. Mwendee leo, kabla hofu haijamfungia mlango.