Upande wa Pili wa Kamba

Mama mkwe wangu ni msafishaji katika ile nyumba walimosaini amani vita vilipokwisha, siku hizi makumbusho. Zulia lililo chini ya meza waliyosainia hakanyagi mtu na viatu, hata mkurugenzi alishanyoosha mikono kwa hilo. Yeye mwenyewe huvuka kwa soksi kamba iliyolizunguka, akapangusa kidau cha wino, akatoka kinyumenyume.

Juzi aliniambia nije na mtoto. "Baba yako yumo kwenye msafara wa wanajeshi wastaafu wanaokuja kutembelea. Amwone mjukuu wake, labda moyo utalegea."

Baba hakuwa amesema nami tangu niolewe kwa watu aliopigana nao. Mwanangu sasa anatambaa, na babu yake hajamshika hata siku moja.

Basi nikasimama upande wangu wa kamba, yeye upande wa pili, ng'ambo ya meza, na wenzake. Aliniona. Akageukia maandishi ya ukutani, akayasoma kama mtu anayeyakariri. Viganja vilinitoka jasho, nikamweka mtoto chini nijifute. Kufumba na kufumbua keshapita chini ya kamba, kashika kitambaa cha meza, anavuta. Kidau kikaanza kusogea.

Aliyekuwa karibu ni baba. Akainua mguu avuke.

"Mzee, viatu," mama mkwe akasema. Mazoea ya kazi tu. Nilimwona naye akijishangaa.

Na baba yangu, asiyeamrishwa na mtu wa upande ule, akainama kuvua. Kimoja kikatoka. Cha pili fundo likagoma. Kidau kimefika ukingoni, nami niko ng'ambo ya meza.

"Basi pita nacho, mkwe wangu," mama mkwe akasema taratibu. "Pita."

Akapita akichechemea, akakizuia kidau kwa kifua, akamnyakua mtoto kwa mkono mmoja.

"Leo umehamia kwao, bwana," mzee mmoja akamtania.

"Na nyie mmesimama kama nguzo," akajibu, anahema.

Nikanyoosha mikono nimpokee mwanangu. Hakumtoa. Alimpandisha begani, akamgeukia mama mkwe, si mimi. "Huyu anakula nini, mzito hivi?"

"Mimi nafuta zulia," mama mkwe akasema, ameshapiga magoti. "Muulize mama yake."

Mtoto akamvuta babu yake sikio, naye hakumzuia.

"Haya, sema," baba akaniambia.